Usiku Mmoja wa Mama Mahamri Mombasa

Nyinyi wasomaji wangu mnanichosha, na leo nitasema. Kila mwezi haikosi mmoja wenu ananitumia ujumbe: "Napita Mombasa, nalala usiku mmoja tu, nifanye nini?" Jibu mnalolitaka nalijua. Mnataka niwaambie mkapige picha chini ya zile pembe za ndovu, mkale viazi karai ufuoni, mmoja wenu apande ngamia apige mayowe, halafu mlale. Asubuhi mnaondoka mkisema Mombasa mnaijua. Mnajua nini? Mmeuzunguka mji kama mtu anayezunguka nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Tulieni niwape habari za mtu aliyepata usiku mmoja Mombasa, akajua anautaka kwa kazi gani.

Anaitwa Mwanamkisi. Kwao ni Siyu, kisiwa cha Pate, kule ambako boti inaingia maji yakijaa tu. Yakitoka, unateremshwa Mtangawanda na safari iliyobaki ni ya pikipiki ama ya miguu yako mwenyewe. Ni mjane, mnene kiasi, mcheshi, na mdadisi kupita mpaka. Ukipita mlangoni kwake na mfuko, atataka kujua mna nini. Ukimwambia mchele, atauliza umeununua kwa nani. Ukimwambia kwa fulani, atauliza kwani mmepatana lini, si mlikuwa hamsemeshani? Watu hawamkasirikii kwa sababu ya mahamri yake. Asubuhi waume wakitoka msikitini karai lake liko motoni tayari, na mtu mwenye njaa hajibizani na mwenye karai.

Lakini mahamri ni kazi ya jioni. Unga unakandwa usiku ukiingia, kwa tui la nazi na iliki, unafunikwa, unaachwa uumuke mpaka alfajiri. Kwa hivyo kila siku baada ya magharibi Mwanamkisi ana mikono miwili kwenye bakuli na sikio moja kwenye redio.

Redio ilikuwa ya mumewe, Madi. Madi alikuwa mtu wa salamu. Wale mliozaliwa na simu za kupapasa hamuelewi, basi niwafafanulie: kuna kipindi cha jioni, mtu anatuma ujumbe, mtangazaji anausoma, "Fulani wa mahali fulani anamsalimu fulani wa mahali fulani." Basi. Hakuna picha, hakuna sauti yako, hakuna wa kukuhesabia waliokupenda. Kuna jina lako tu likipita hewani juu ya vichwa vya watu, kutoka Kiunga mpaka Vanga, na bara kabisa. Madi ndiye aliyempa mkewe jina la hewani, Mama Mahamri wa Siyu, na mtangazaji, kijana mmoja mwenye maneno mengi aitwaye Swafwan, akalipenda. Kila akilitaja lazima aongeze, "Mama, tutumie hata harufu!"

Katika watu wa salamu kulikuwa na mmoja, Nerea wa Mombasa. Huyu hakukosa hata siku moja. Alimsalimu mtu wa Chundwa, mtu wa Taveta, mtu wa Garsen, na kila salamu zake alizimalizia hivi: "Na yule ambaye hakutajwa, nimemtaja mimi." Mwanamkisi akisikia hapo huacha kukanda. Nani mtu wa maneno kama hayo?

Ndipo udadisi ukamshika. Nerea ni mtu wa bara, hilo jina linasema. Lakini ni mtu wa namna gani? Mwanamkisi alimtengeneza kichwani: jimama la miraba minne, jino la dhahabu, kicheko cha kuamsha mtaa. Wateja wake nao wakachangia hapo karaini. Huyu anasema Nerea ni mwalimu, maana anapanga maneno. Yule anasema ni mke wa mtu mkubwa, maana ana nafasi. Mzee mmoja akasema, akiwa na hamri mdomoni, kwamba huyo Nerea ni mwanamume, wako waume wanaojitia wanawake redioni.

"Na wewe wayuaye?" Mwanamkisi akamuuliza. "Au ndiyo kazi yako?"

Watu wakacheka mpaka mzee akaondoka na chai yake.

Kisha Madi akafariki. Mwanamkisi akakaa eda, na redio akaifunika kitambaa, maana kuisikia ilikuwa kama kumsikia Madi akikohoa chumba cha pili. Eda ilipokwisha akaifunua. Hakutaka salamu, alitaka tu kujua dunia imefika wapi. Sauti ya Swafwan ikatoka: "Nerea wa Mombasa, tena leo, kwa Mama Mahamri wa Siyu. Anasema: Umenyamaza. Kama unaumwa, upone. Kama umetukasirikia, utusamehe. Kama umefikwa, pole. Mimi bado nakutaja." Swafwan akaongeza kwa sauti ya chini, si kawaida yake: "Huyu dada ametuma hivi muda wote huu, jamani. Mama, uko?"

Mwanamkisi aliosha mikono, akachukua simu yake ya kabambe, ile ambayo unga umekaukia kwenye vitufe vya herufi, akaandika neno moja: "Niko."

Tangu siku hiyo alikuwa na swali. Mtu ambaye hujamwona, hujamsikia, hajui kama una mume au huna, kwa nini akuulizie wewe? Na alijuaje? Swali hilo lilikaa kwake miaka. Nambari ya simu ya Nerea hakuwa nayo. Aliwahi kuiomba kwa Swafwan, akajibiwa kwamba redio haitoi nambari, walishawahi kusumbuliwa. Haki yao.

Juzi juzi binti yake, Lubna, aliyeolewa Voi, akajifungua. Nyanya lazima aende akika. Na kutoka Siyu kwenda Voi, ufanye ufanyavyo, utalala Mombasa. Usiku mmoja.

Sasa hapa ndipo penye shida, na wa visiwani mnaijua. Mtu wa Siyu hapiti mji wenye jamaa zake kama upepo. Ukifika lazima uende kwao, ukienda kwa mmoja lazima ule kwa wote, na ukilala gesti ilhali ndugu yako ana godoro, umemtukana mbele ya watu. Mombasa kulikuwa na ndugu wawili wa marehemu Madi. Kuna Bi Ruqaiya, wifi yake, anakaa Kibokoni. Kuna Bwana Jeilani, shemeji yake, ana tuktuk na anakaa Majengo. Mwanamkisi aliwapenda wote wawili. Lakini alijua wakimpata stendi, jioni yote itakwisha kwenye sinia, na Nerea hatamuona tena mpaka kiyama.

Akapanga lake. Atashuka basi, aonane na Nerea hapo hapo stendi, amuulize swali lake, halafu ampigie wifi: nimefika sasa hivi. Basi la Lamu likichelewa nani anashangaa?

Ila Nerea atajuaje? Njia ni moja tu. Akaandika: "Mama Mahamri wa Siyu kwa Nerea wa Mombasa. Jumatano alasiri nashuka basi la Lamu, napita kwenda Voi. Nalala usiku mmoja. Nataka nikushike mkono. Nitabeba ndoo nyekundu." Akatuma. Akarudi kwenye unga wake, moyo mweupe.

Hebu nikuulize wewe uliyesoma mpaka hapa. Unaficha safari yako, halafu unaitangaza redioni?

Ndivyo alivyofanya, na hakushtuka hata kidogo. Kwake yeye hewani palikuwa mahali pa watu wawili, yeye na Nerea. Alisahau kwamba watu wa Siyu walioko Mombasa wanasikiliza kile kipindi kwa sababu moja tu: wasikie kama Siyu itatajwa. Na Swafwan, Mungu amsamehe, hakuusoma tu ule ujumbe. Aliupigia ngoma. "Wasikilizaji! Mama Mahamri anakuja! Jumatano, basi la Lamu, alasiri! Mombasa, mtampokea au mtaniaibisha?"

Kesho yake jibu likaja: "Nerea kwa Mama Mahamri. Nitasimama mlangoni pa stendi. Nitavaa bluu. Na yule ambaye hakutajwa, nimemtaja mimi."

Mwanamkisi hajamaliza kufurahi, simu ikalia. Ni Lubna.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekanda unga."

"Mama! Shangazi Ruqaiya amenipigia analia. Anasema wifi yake anakuja Mombasa na yeye amepata habari kwa watu wa sokoni. Ami Jeilani naye ameshasema atakuja na tuktuk. Huyo Nerea ni nani?"

"Wallahi siyui," Mwanamkisi akasema. "Ndiyo nataka kwenda kuangalia."

Jumatano ikafika. Mtangawanda, boti, Mokowe, basi, ukaguzi wa polisi, kushuka, kuonyesha kitambulisho, kupanda, kushuka tena. Ndoo nyekundu aliipakata mapajani njia nzima. Ilikuwa na mahamri, yamepangwa mistari na kufunikwa karatasi. Abiria wa pembeni alimwambia aiweke juu na mizigo. Akakataa. "Hii si mzigo," akasema. "Hii ndiyo sura yangu."

Basi lilipoingia stendi alibandika uso kwenye kioo. Bluu. Anatafuta bluu. Subhanallah, kumbe Mombasa nzima imevaa bluu! Makondakta mashati ya bluu. Wasichana wa shule sweta za bluu. Muuza maji leso ya bluu. Mlangoni kabisa, askari mmoja wa kike wa kampuni ya ulinzi, kofia ya bluu, sare ya bluu, rungu kwapani, anachungulia juu ya vichwa vya watu. Huyo hakuhesabika. Nani humtazama soja? Ni kama kuutazama mlango.

Hajakanyaga chini sawasawa, mkono ukamshika.

"Karibu, karibu, mke wa redio!" Ni Bi Ruqaiya, buibui lote linanukia udi. Akamkumbatia kwa nguvu ambazo ndani yake mlikuwa na kofi. "Wifi yangu wa hewani! Mimi sina simu? Mimi nimekufa?"

"Wifi, hujafa. Subiri nikueleze."

"Utaeleza ukishakula."

Upande wa pili Bwana Jeilani ameshachukua begi, na sasa anavuta ndoo. Kwetu mgeni habebi. Salamu haijaisha, mzigo wako umeshaondoka mikononi, na ukiung'ang'ania ni kama unawaambia wenyeji wezi.

"Shemeji, hiyo iwate, nitaibeba mwenyewe."

"Shemeji, unataka watu wa Mombasa wanitukane? Mahamri haya mimi nimeyasikia redioni. Leo nitayabeba kwa heshima."

Akaenda nayo, ameinyanyua juu kama kombe la mpira. Mwanamkisi akabaki mikono mitupu katikati ya wanawake wa basi la Lamu, wote weusi tii kwa mabuibui kama yeye, wote na wifi zao. Alizungusha macho mpaka shingo ikamuuma. Walipofika mlangoni yule soja alikuwa amezubaa, anamkodolea macho Jeilani na ndoo yake kama mtu aliyeona jini.

"Mama, tupishe," Bi Ruqaiya akamwambia.

Soja akapisha.

Kwenye tuktuk Mwanamkisi alichungulia nje. Mji ulipita pembeni, maduka, taa, watu wengi namna ile, na siku nyingine angeuliza kila nyumba ya nani. Leo aliangalia bluu tu. Alikuja mji mzima kumuona mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa pale pale, akampita.

Nyumbani Kibokoni, ghorofa ya kwanza, sinia likashushwa. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na habari kwamba mke wa Jeilani naye anasubiri na pilau lake Majengo. Mwanamkisi akala kwa adabu. Redio ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, imezimwa. Saa ya kipindi ilikuwa inakaribia.

"Wifi," akasema, "hiyo redio yako yazungumza?"

"Imeharibika."

"Tangu lini?"

"Tangu nisikie mambo yasiyonihusu." Bi Ruqaiya aliokota mwiba wa samaki, akauweka pembeni ya sahani. "Wewe hukuya kwetu. Ulikuya kwa huyo mtu wako. Sisi tulikuwa ndiani tu."

Jeilani akainuka, akasema anaenda kuangalia tuktuk. Mwanamume mwenye akili anajua wakati wa kuangalia tuktuk.

Mwanamkisi hakujitetea. Alikuwa mbishi kwa mambo madogo, makubwa hakuwa na ubishi nayo. "Kweli," akasema. "Nilikuficha. Nilisema nionane naye kwanza, halafu nikupigie. Nipe kofi ukitaka, lakini nisikilize. Alipokufa nduguyo niliifunika redio kama ulivyoifunika hiyo. Nilipoifunua, alikuwako mtu ananiuliza kama nimefikwa. Kila siku, wifi, muda wote wa eda. Hanijui. Hamjui Madi. Nyinyi mlikuja, mlinililia, mlinipikia, Mungu awalipe. Lakini nyinyi mlijua. Yeye hakuambiwa na mtu, na akauliza. Nataka kujua kwa nini. Sina jingine Mombasa."

Bi Ruqaiya aliwaza nini sijui, lakini Madi alikuwa ndugu yake wa titi moja, na hakuwahi kumsikia mtu wa mbali akitoa pole kwa ajili yake. Akafuta mikono. Akainuka akavua kitambaa, akabonyeza. Redio ikaanza kuimba, nzima kabisa, haina hata kikohozi.

"Imepona," Mwanamkisi akasema.

"Nyamaza uandike," Bi Ruqaiya akamwambia. "Na usiseme Kibokoni tu, atapotea. Mwambie aulize kwa Bi Ruqaiya wa Siyu, nyuma ya duka la halua, mlango wa kijani. Mwambie kuna wali. Na nitaje jina vizuri."

Ujumbe huo Swafwan aliusoma wa kwanza kabisa, na safari hii alikuwa na akili ya kuurudia mara mbili.

Wakasubiri. Bi Ruqaiya alianza kufagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Mwanamkisi alikaa dirishani. Alikuwa anaogopa sasa, na alijishangaa. Akija jimama lenye jino la dhahabu? Akija mwalimu, amuulize kwa Kiingereza? Akija mwanamume, yule mzee wa chai akawa alisema kweli?

Chini uchochoroni watoto wakapiga kelele: "Askari! Askari!"

Jeilani, aliyekuwa ameegesha tuktuk pale pasipotakiwa, alikuwa wa kwanza kuruka. Mwanamkisi alimsikia kutoka juu: "Afande, naitoa sasa hivi! Nilishusha mgeni tu, ni mgonjwa!"

Sauti nyembamba ya kike ikajibu, ya upole, yenye wasiwasi kuliko yeye. "Samahani, Bwana. Wewe ndiye Mama Mahamri?"

"Mimi?"

"Nimekuona stendi na ndoo nyekundu. Nimeshtuka. Miaka yote hii, nikasema, kumbe ni mwanaume? Na ana masharubu?"

Bi Ruqaiya alikaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka mtandio ukamvuka. Mwanamkisi alikuwa ameshateremka. Alimkuta pale mlangoni, kofia mkononi, sare ya bluu, rungu kwapani: mwanamke mdogo, mwembamba, mwanya kwenye meno, viatu vimepigwa rangi vikang'aa. Yule soja. Yule waliyemwambia apishe.

"Mimi ndiye ndoo," Mwanamkisi akasema. "Huyu ni shemeji yangu, alininyang'anya."

Wakashikana mikono. Halafu, niwaambie ukweli, hawakuwa na la kusema. Walipanda juu, wakakaa mkekani, wakatazamana. Watu wamesalimiana miaka na miaka na hakuna anayejua mwenzake ana watoto wangapi. Salamu walishazimaliza zote. Nerea aliangalia dari. Mwanamkisi, mdadisi wa Siyu nzima, ulimi umekauka.

Aliyewaokoa ni Bi Ruqaiya. Alifungua ndoo, akaweka mahamri na chai, akasema, "Haya, mama askari. Swafwan kila siku anaomba harufu. Wewe umepata na nyama yake. Kula utuambie kama redio inadanganya."

Nerea alikula moja. Akala la pili bila kusema. La tatu aliligawa katikati, nusu akaifunga kwenye leso.

"Hiyo ya nani?" Mwanamkisi hakuweza kujizuia.

"Ya Nicodemus. Mwenzangu wa zamu ya mchana. Ameshika geti langu mpaka nirudi. Nilirudi kutoka stendi nimenuna, nikamwambia nimekuta mwanaume. Tukakaa hapo na kiredio changu, mara nikasikia jina lako tena. Akanisukuma, akasema nenda. Sina muda mrefu, Mama."

"Unalinda wapi?"

"Godauni moja, Shimanzi."

Ndipo Mwanamkisi akauliza. Alilibeba swali lile kutoka Pate, halikuhitaji kupambwa. "Nilipofiwa na mume wangu nilinyamaza. Wewe uliniulizia kila siku. Ulijuaje?"

Nerea akatikisa kichwa. "Sikujua. Pole, Mama, kumbe ilikuwa msiba. Sikujua kitu." Alishika filimbi iliyoning'inia shingoni, akaizungusha kwenye vidole. "Kule Shimanzi mageti yamefuatana. Usiku, mimi napuliza, wa geti la pili anajibu, wa tatu anajibu, mpaka mwisho wa barabara. Halafu inarudi. Ndiyo tunavyojua kila mtu yuko. Mmoja asipojibu, humtukani, husemi amelala. Unapuliza tena. Asipojibu unachukua tochi, unaenda. Sasa wewe uko Siyu, nitakuja na tochi Siyu? Nikapuliza tu."

Jeilani, ambaye alijifanya amepanda kuchukua funguo, alisahau kuzichukua.

"Kwa hivyo," Mwanamkisi akasema taratibu, "si mimi peke yangu. Ungemfanyia yeyote."

"Yeyote."

Hilo lilimchoma kidogo, na hakuficha. Mtu akisafiri na swali miaka yote hiyo huwa tayari ameshajipikia jibu, na kwenye jibu lake yeye ndiye alikuwa sukari. Alikunja uso. Kisha akawaza zile jioni zote, mtu anapuliza filimbi kwenye giza bila kujua nani yuko upande wa pili, na uso ukakunjuka wenyewe.

"Wako wengine walionyamaza?"

"Wako. Wengi wanarudi. Betri, kazi, mume amekataa redio." Nerea akacheka, na hatimaye kicheko chake kikasikika, kidogo tu, cha puani. "Mmoja bado. Chelangat wa Kabarnet. Anafuga nyuki, kila salamu zake lazima aseme asali imefikia wapi. Amekatika tangu kabla ya Ramadhani yenu. Nampulizia, kimya."

Chelangat! Mwanamkisi alimjua vizuri. Alikuwa akimsikia na asali yake kila jioni. Kwa aibu yake hakuwa amegundua kwamba hasikiki tena. Aliwaza kuuliza mambo mengine kumi, watoto, kwao, alifikaje Mombasa, lakini Nerea alikuwa ameshasimama, anavaa kofia. Bi Ruqaiya alimjazia wali kwenye kopo na kumwambia kopo hilo lirudi, na likirudi lirudi na mwenyewe. Jeilani alimpeleka kazini kwa tuktuk, akakataa nauli, akasema ni faini yake ya masharubu. Nambari za simu hawakupeana. Sundus, mtoto wa jirani aliyekuwa amejipenyeza, aliwaambia ni washamba. Mwanamkisi akasema, "Nikiwa na nambari yake nitampigia. Nikimpigia, nani ataulizia wale wengine?"

Pilau la Majengo nalo lililiwa, msidhani lilisahaulika.

Asubuhi, alfajiri, Jeilani alimpeleka stendi ya Voi, na walipofika kwenye mzunguko wa barabara Mwanamkisi akamwomba apitie Shimanzi. Barabara ilikuwa tupu, mageti yamefuatana kama alivyoambiwa, yote yanafanana. Hakujua lipi. Jeilani akapiga honi. Kutoka mbele kidogo, filimbi ikajibu. Halafu nyingine. Halafu nyingine, mpaka mwisho wa barabara.

Mjukuu ni wa kike, kama mnataka kujua. Mwanamkisi amerudi Siyu, karai liko motoni. Mzee wa chai ameambiwa kwamba Nerea si mwanamume, amesema ataamini akiona. Bi Ruqaiya sasa naye anatuma salamu, anajiita Wifi wa Kibokoni, na anataja watu wengi mpaka Swafwan anamkata. Na kila jioni zinasomwa salamu mbili zinazofuatana, moja ya Shimanzi na moja ya Siyu, kwenda kwa mtu yule yule, na mtu huyo hajajibu.

Kwa hivyo wewe unayeniuliza ufanye nini na usiku wako mmoja, leo mimi ndiye naomba. Kama uko Kabarnet, au unapita Kabarnet, au una shangazi anayeuza Kabarnet, toka uulize sokoni: Chelangat, mama wa nyuki, mtu wa salamu. Ukimpata usimpige picha. Mwambie tu anaulizwa, kisha mpe simu yako atume neno moja.